Sundborn: Nyumba Iliyochorwa Majira Baada ya Majira

Msafiri atokaye Stockholm, mji mkuu wa Sweden, akapanda garimoshi liendalo upande wa kaskazini-magharibi, hupita kwanza katika mashamba ya nafaka, kisha huingia katika misitu ya misonobari ambayo hudhani haina mwisho, na baada ya muda upatao saa tatu huwasili katika mji wa Falun. Mji huo ulipata sifa yake kutokana na shimo. Kwa miaka ipatayo elfu moja watu walichimba shaba mahali hapo, na katika karne ya 17 mgodi wa Falun ulikuwa nguzo mojawapo ya hazina ya wafalme wa Sweden, nao waliitumia fedha yake kulipia majeshi yaliyopigana vita virefu katika bara la Ulaya. Mwaka 1687 kuta za ndani ziliporomoka, na ardhi ikadidimia ikaacha shimo kubwa ambalo laonekana hata leo. Kwa bahati siku hiyo ilikuwa sikukuu ya katikati ya kiangazi, wachimbaji wote walikuwa makwao, na hakufa mtu. Uchimbaji ulikoma mwaka 1992, na mwaka 2001 mahali hapo pakaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Lakini mgodi huo uliacha kitu kingine ambacho mgeni hukiona kabla hata hajashuka kwenye garimoshi, nacho ni rangi nyekundu. Udongo wenye kutu ya chuma uliobaki baada ya shaba kutolewa husagwa, huchomwa, kisha huchemshwa pamoja na maji, unga wa nafaka na mafuta ya kitani, na matokeo yake ni rangi nyekundu iliyokoza ambayo hukinga mbao zisioze. Ni rangi ya bei nafuu. Kwa hiyo nyumba za mashambani katika Sweden, za matajiri na za maskini, mazizi na maghala, karibu zote ni nyekundu, zenye pembe na viunzi vya madirisha vilivyopakwa nyeupe.

Nyumba moja kati ya hizo nyekundu iko katika kijiji cha Sundborn, mwendo wa kilomita zipatazo 13 kutoka Falun. Yasimama ukingoni mwa mto mdogo, pale maji yanapopunguza mwendo na kutanuka. Jina lake ni Lilla Hyttnäs. Si kasri wala hekalu, bali ni nyumba ya mbao iliyoongezewa chumba hapa na chumba pale kadiri watoto walivyozaliwa. Hata hivyo yamkini hakuna nyumba nyingine ya familia katika Ulaya ya kaskazini iliyochorwa mara nyingi kama hiyo, tena na mtu mmoja, naye ni mwenye nyumba mwenyewe, Carl Larsson, kwa karatasi, brashi na rangi za maji.

Kabla ya kuingia ndani yafaa msomaji ayafahamu majira ya huko, kwani bila majira picha hizo hazieleweki. Sisi tuishio karibu na ikweta twapima mwaka kwa mvua, na mchana wetu hautofautiani sana na usiku mwaka mzima. Huko Sundborn mwaka hupimwa kwa mwanga. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza baada ya saa tatu asubuhi na huzama kabla ya saa tisa alasiri, nalo halipandi juu ila hutambaa juu ya vilele vya misonobari kama mtu aliyechoka. Theluji hufunika kila kitu, mto huganda ukawa njia ya watu na magari ya kukokotwa yasiyo na magurudumu. Msomaji aliyewahi kuutazama mlima Rwenzori siku ambayo mawingu yameondoka ameiona theluji kwa mbali. Huko yalala kizingitini. Halafu ufikapo mwezi Juni mambo hugeuka kabisa: mchana hufikia karibu saa kumi na tisa, na hata jua likizama usiku hauwi mweusi, bali hubaki na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Kati ya ncha hizo mbili kuna majira mafupi ya kuchipua, ambapo miti ya betula yenye gome jeupe hutoa majani kwa siku chache tu, na majira ya kupukutika, ambapo majani hayo hayo huwa ya manjano na kuanguka.

Watu waishio hivyo hawawezi kuutazama mwanga kama kitu cha kawaida. Wauweka akilini kama mkulima awekavyo mbegu.

Carl Larsson hakuzaliwa katika nyumba nyekundu yenye bustani. Alizaliwa tarehe 28 Mei 1853 katika vichochoro vya mji mkongwe wa Stockholm, katika umaskini ambao mwenyewe baadaye aliueleza bila kuupamba. Mama yake alifua nguo za watu ili kupata chakula. Baba yake alifanya vibarua, mara kuchochea moto wa meli, mara kazi nyingine, na alikuwa mlevi. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotolewa mwaka 1931 wakati yeye mwenyewe amekwisha fariki, Larsson aliandika kwamba siku moja baba huyo alimwambia kuwa ailaani siku aliyozaliwa. Familia ilifukuzwa nyumba na kuhamia mahali ambapo jamaa tatu zilibanana pamoja, na magonjwa yalikuwa majirani wa kila siku.

Aliyemwokoa alikuwa mwalimu. Katika shule ya watoto maskini mwalimu mmoja aliona jinsi mtoto huyo alivyochora, akamhimiza aombe nafasi katika shule ya awali ya Chuo cha Sanaa cha Kifalme, naye Larsson akakubaliwa akiwa na umri wa miaka 13. Miaka ya kwanza alijiona duni mbele ya wenziwe. Baadaye alijitegemea kwa kuchora vielelezo vya magazeti na vitabu, kazi iliyomfunza kuushika mstari wa kalamu upesi na bila kusita. Fedha ya magazeti ilimlisha yeye na wazazi wake pia.

Mwaka 1877 alikwenda Paris kama walivyokwenda vijana wengi wa Ulaya waliotaka kuwa wachoraji. Huko alihangaika. Alichora picha kubwa za rangi za mafuta ambazo hazikupata mnunuzi, na njaa ilimfuata kutoka Stockholm. Mabadiliko yalikuja mwaka 1882 alipohamia Grez-sur-Loing, kijiji kilicho kusini-mashariki mwa Paris, ambako wachoraji kutoka Sweden na nchi nyingine walifanya kambi yao. Hapo aliziacha rangi za mafuta akashika rangi za maji, na hapo alikutana na Karin Bergöö, binti wa mfanyabiashara, aliyezaliwa mwaka 1859 na ambaye naye alikuwa mchoraji aliyefunzwa katika chuo kile kile. Walioana mwaka 1883.

Yafaa kusimama kidogo juu ya hizo rangi za maji, kwa sababu wengi wetu twazifahamu kama vidonge vya watoto wa shule na kuzidharau. Rangi ya maji ni unga wa rangi uliosagwa laini na kuchanganywa na gundi itokanayo na utomvu wa mgunga. Gundi hiyo haitoki Ulaya. Tangu zamani nyingi imetoka Sudan, na mgunga wa aina hiyo huota pia katika nchi kavu za Karamoja na kaskazini mwa Kenya, ambako wachungaji huuokota utomvu wake kwenye magome. Kwa hiyo mchoraji wa Ulaya aliyechora theluji aliichora kwa msaada wa mti wa jangwani.

Tofauti na rangi za mafuta, rangi hizi hazisamehe. Mwenye rangi za mafuta akikosea hukwangua au hufunika kosa kwa rangi nyingine. Mwenye rangi za maji hutandaza rangi nyepesi juu ya karatasi, na weupe wa picha ni weupe wa karatasi yenyewe, hivyo mahali palipokwisha kufunikwa ni shida kupafunua. Theluji ya kwenye picha kwa kweli ni mahali ambapo mchoraji hakugusa. Hali ya hewa nayo ni bwana. Siku ya joto rangi hukauka kabla mkono haujamaliza, siku ya unyevu haikauki upesi, na baridi ikizidi maji huganda kwenye brashi. Njia ya Larsson ilikuwa kuchora kwanza mstari ulio wazi, unaozunguka kila kitu, kisha kujaza kwa rangi nyepesi zenye kung'aa. Katika mstari huo mtu huuona mkono wa yule kijana wa magazeti, na pia mafunzo aliyoyapata kwa kuzitazama picha za Kijapani ambazo wakati ule zilikuwa zikipendwa sana Paris.

Baada ya kurudi Sweden, Larsson alifundisha uchoraji katika mji wa Göteborg. Mwaka 1888 baba yake Karin aliwapa ile nyumba ya Sundborn, ambayo wakati huo ilikuwa ndogo na ya kawaida sana. Kwa miaka mingi waliitumia wakati wa kiangazi tu, na mwaka 1901 ndipo walipohamia moja kwa moja. Katika muda huo watoto walikuwa wakija mmoja baada ya mwingine: Suzanne, Ulf, Pontus, Lisbeth, Brita, Mats, Kersti na Esbjörn. Wanane kwa jumla, wa kwanza mwaka 1884 na wa mwisho mwaka 1900. Mats aliishi miezi miwili tu.

Mtu aliyezoea kuhamishwa kutoka kota moja kwenda nyingine, akikabidhiwa kuta za rangi ya serikali ambazo haruhusiwi kuzigeuza, angepigwa na butwaa kuona walivyoifanya nyumba hiyo. Wakati ule nyumba za watu wenye uwezo katika Ulaya zilijazwa mapazia mazito, viti vya rangi ya kahawia, na sebule ya wageni ambayo watoto hawakuingia. Larsson na mkewe walifanya kinyume. Walipaka nyekundu, kijani, buluu na manjano, wakaacha madirisha bila mapazia mazito ili mwanga ule wa thamani uingie, wakatandika mikeka ya vitambaa vilivyofumwa, na wakawaachia watoto kila chumba. Juu ya mlango wa mbele kuliandikwa maneno ya kumkaribisha mgeni. Milangoni zilichorwa sura za watoto. Chumba cha kuchorea cha kwanza kilipokuwa hakitoshi, kikajengwa kikubwa zaidi kuelekea mwisho wa karne, na kile cha zamani kikageuzwa mahali pa kazi pa mama na watoto, pa kufuma, kushona na kugongagonga misumari.

Hapa sifa hazina budi kugawanywa, maana katika miaka mingi jina la mume ndilo lililosikika. Karin Larsson aliacha kuchora picha baada ya kuolewa na kuzaa. Wengine husema aliacha kwa hiari, wengine husema mumewe hakupenda mashindano. Lililo wazi ni kwamba kipaji hakikufa bali kilihamia kwenye nyuzi na mbao. Mapazia, vitambaa vya meza, matandiko ya vitanda, nguo za watoto na aproni zake mwenyewe zilizolegea zisizombana mwanamke afanyaye kazi, hivyo vyote alivibuni yeye. Alichora pia michoro ya viti na vitanda ambavyo seremala wa kijijini alivitengeneza, na umbo lake lilikuwa rahisi kiasi kwamba majirani wengine walishangaa. Leo wataalamu wa vyombo vya nyumbani humtaja miongoni mwa waanzilishi wa mtindo wa kisasa wa Sweden. Hivyo mume alipokaa kuchora pembe ya chumba, aghalabu alikuwa akichora kazi ya mkewe.

Mwanzo wa picha zilizowapatia sifa, kama isimuliwavyo, ulikuwa mvua. Kiangazi cha mwaka 1894 mvua ilinyesha mfululizo, na mchoraji aliyetaka kwenda nje kuchora mandhari ya mto na misitu alizuiliwa ndani, akawa kero kwa kila mtu. Karin ndiye aliyemshauri achore basi hivyo vyumba. Hakuna mwanamke aliyewahi kukaa na mume mwenye likizo siku za masika asiyeielewa shauri hiyo. Larsson akaanza, chumba baada ya chumba, na mvua ilipokatika hakuacha. Mwaka 1899 kampuni ya uchapaji ya Bonnier ilitoa kitabu kiitwacho Ett hem, maana yake Nyumbani, chenye picha 24 za rangi.

Katika picha hizo hakuna jambo kubwa linalotokea. Binti anamwagilia maua yaliyo katika vyungu dirishani. Wasichana wanasukasuka maziwa jikoni ili kupata siagi. Familia inakula chakula cha asubuhi chini ya mti mkubwa wa betula, na mbwa anangoja fungu lake. Mtoni wanavuliwa wale kamba wa maji baridi ambao Waswidi huwala kwa shangwe kuanzia mwezi Agosti, nao wakichemshwa huwa wekundu kama nyumba zao. Picha moja yamwonyesha Pontus ameketi peke yake sebuleni, ametolewa mezani kwa utovu wa adabu. Kila mzazi humtambua mtoto huyo. Hakupigwa, alitengwa tu, na babaye alipomwona amekaa vile hakupitwa na nafasi ya kuchora.

Halafu kuna majira. Mwaka 1897 familia ilinunua shamba dogo liitwalo Spadarvet, si mbali na nyumba, na mwaka 1906 kilitolewa kitabu kingine juu ya shamba hilo, chenye kulima kwa farasi, kukata majani ya mifugo, kuvuna na kazi za majira ya baridi. Hapo mandhari na kazi haviachani. Uwanda wa theluji unakuwa uwanda kwa sababu mtu anaupita akiwa na gari la kukokotwa, na rangi ya manjano ya mashamba ni chakula cha miezi ijayo. Kersti mdogo alichorwa mwaka 1901 akisafirishwa katika gari la theluji, amefunikwa asipigwe na baridi. Mtazamaji wa Afrika ya Mashariki, asiyeijua baridi hiyo, huielewa kwa kuyatazama mavazi ya mtoto kabla ya kuitazama theluji.

Kuna jambo lililo zito zaidi ya uzuri wa picha. Huyu ni mtu ambaye utotoni mwake hakuona meza iliyotandikwa, wala baba aliyefurahi kumwona. Alipoijenga nyumba yake hakuwa na mfano wa kuiga. Wachambuzi wengine wamemlaumu kwamba picha zake ni tamu kupita kiasi, kwamba hakuna mtoto anayelia wala sufuria iliyoungua. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Nyumba ilikuwa na watumishi, na baadhi yao waonekana katika picha. Haikuwa nyumba ya mfuaji nguo. Mwenyewe alikuwa mtu wa huzuni za ghafla, jambo ambalo kitabu cha maisha yake hakikulificha. Lakini mtu aliyeupata mwanga baada ya giza refu, je, ni ajabu akiuchora tena na tena? Alichora alichotaka kiwepo, na kwa kiasi kikubwa alikuwa amekifanya kiwepo kwa mikono yake na ya mkewe.

Giza nalo halikusahau njia ya kuja Sundborn. Mwaka 1905 Ulf, mwana mkubwa wa kiume, alifariki akiwa na umri wa miaka 18. Yule mtoto aliyekuwa amechorwa katika kila umri, katika theluji na katika majani, akabaki katika karatasi. Mwaka uliofuata ndio uliotoka kitabu cha shamba, chenye jua na mavuno. Anayekipekua bila kuijua tarehe hawezi kuhisi lolote. Anayeijua huzitazama kurasa hizo polepole.

Mwaka 1909 mchapishaji mmoja wa Ujerumani alizikusanya picha za nyumba hiyo katika kitabu cha bei nafuu kiitwacho Das Haus in der Sonne, yaani Nyumba iliyo juani. Nakala 40,000 ziliuzwa katika miezi mitatu, na kiliendelea kuchapwa kwa miongo mingi. Watu wa mijini, wengi wao wakiishi katika vyumba vya kupanga vilivyojaa moshi wa viwanda, walikinunua. Jina la Sundborn, kijiji ambacho hata Waswidi wengi hawakukijua, likasafiri.

Jambo la kushangaza ni kwamba Larsson mwenyewe kwa muda mrefu aliyaweka matumaini yake mahali pengine. Alitaka kuwa mchoraji wa kuta kubwa za taifa. Mwaka 1896 alikamilisha picha za ukutani katika ngazi za Makumbusho ya Taifa mjini Stockholm, na kwa ukuta uliobaki alitayarisha picha yenye upana wa mita zaidi ya 13, iitwayo Midvinterblot, Kafara ya Katikati ya Majira ya Baridi. Habari yake yatoka katika masimulizi ya kale: watu wa Uppsala walipopatwa na njaa walitoa kafara ya ng'ombe mwaka wa kwanza, mwaka wa pili wakatoa watu, na mwaka wa tatu wakamtoa mfalme wao Domalde ili ardhi izae tena. Hayo nayo ni majira, lakini si yale ya bustani ya Lilla Hyttnäs. Picha hiyo ilimalizika mwaka 1915, na baada ya mabishano makali magazetini makumbusho ikaikataa. Mchoraji aliumia sana. Ilikaa bila makao ya kudumu kwa muda mrefu, ikauzwa mwaka 1987 kwa mnunuzi wa Japani, na mwaka 1997 ikanunuliwa ikarudishwa kwenye ule ule ukuta ulioikataa. Wakati huo mwenyewe alikuwa kaburini kwa miaka 78, kwani alifariki Falun tarehe 22 Januari 1919 na kuzikwa katika makaburi ya kanisa la Sundborn. Katika maandishi yake ya mwisho alikiri kwamba zile picha ndogo za mke, watoto na vyumba zilikuwa ndizo sehemu ya kazi yake itakayodumu. Hakukiri kwa furaha sana, lakini alikiri.

Karin aliishi hadi mwaka 1928. Katika miaka ya 1940 watoto wao waliifungua nyumba kwa wananchi, na tangu hapo imebaki mikononi mwa ukoo. Wajukuu na vitukuu huitumia bado kwa siku chache za likizo, ndiyo sababu haikuwa na ubaridi wa makumbusho nyingine. Wageni huingizwa kwa vikundi vidogo pamoja na kiongozi. Sakafu hulia chini ya miguu. Dari ni fupi. Wengi hushangaa jinsi vyumba vilivyo vidogo, maana katika picha vilionekana vipana. Mchoraji alikaa pembeni kabisa, mgongo ukutani, akavuta chumba chote ndani ya karatasi. Kitanda chake chasimama katikati ya chumba chake, mbali na kuta, na jirani yake ni chumba ambamo Karin alilala pamoja na watoto wadogo. Kwenye dirisha maua yangali yamepangwa katika vyungu, na mtu fulani wa ukoo au wa zamu huyamwagilia.

Nje, mgeni aweza kushuka hadi mtoni na kukaa majanini. Wengine huja na vijisanduku vyao vya rangi, wakachota maji ya mto ule ule katika kikombe. Hapo huonekana mara nyingi mzazi mmoja akichora nyumba na mtoto kando yake akichora kitu kingine kabisa, bata au kiatu chake. Hakuna gharama kubwa katika kazi hiyo: karatasi nzito kidogo isiyojikunja, brashi moja pana na moja nyembamba, na rangi tatu au nne ambazo zikichanganywa hutoa nyingine zote. Anayeanza hushauriwa aache sehemu kubwa ya karatasi ikiwa nyeupe, na asubiri tabaka la kwanza likauke kabla ya kuweka la pili. Watoto hawapendi kusubiri. Rangi zao hukimbiliana na kuwa matope, nao hufurahi vile vile.

Picha za asili za kile kitabu cha kwanza hazipo Sundborn. Ziko Stockholm, katika Makumbusho ya Taifa, na kwa kawaida mgeni hazioni, kwa sababu rangi za maji huchujuka zikikaa katika mwanga. Karatasi za namna hiyo hutolewa kwa muda mfupi tu kisha hurudishwa ghalani. Kwa hiyo dirisha lenye maua, jiko la siagi na Pontus aliyetengwa hukaa gizani sehemu kubwa ya mwaka. Huko Sundborn, kilomita zaidi ya 200 kutoka hapo, jua la Juni huingia katika vyumba vyenyewe mpaka jioni sana, likipita juu ya mikeka aliyoifuma Karin, na kiongozi hufunga mlango nyuma ya kikundi cha mwisho wakati nje bado ni mchana.